Nani Alibeba Risasi Getembe?

Kikombe cha chai kiwe karibu, maana safari ya leo ni ndefu: itaanzia uwanjani kwenye gari la sinema, ipite Getembe, yaani mji wa Kisii, mwaka 1914, ifike Berlin, iende Burma, kisha irudi nyumbani.

Mada ni filamu za vita. Hasa hasa, ni wale watu ambao kamera huwapita bila kusimama.

Watu wa umri fulani hapa Gusii hawahitaji kuelezwa gari la sinema lilikuwa nini. Mchana lilizunguka sokoni na kipaza sauti juu ya paa, jioni likaegeshwa kwenye uwanja wa shule. Kitambaa cheupe kikafungwa, jenereta ikanguruma, watoto wakajipanga kwenye nyasi mbele kabisa, na katikati ya picha likaingizwa tangazo la sabuni. Waliokosa nafasi walihamia upande wa pili wa kitambaa. Kutoka huko picha ilionekana vilevile, ila maandishi yalisomeka kinyumenyume na kila askari alifyatua bunduki kwa mkono wa kushoto. Wapo wazee leo ambao vita walivyoviona utotoni vilikuwa vita vya watu wa mashoto watupu.

Baadaye vikaja vibanda vya video, kisha DJ Afro na wasimulizi wenzake, ambao huichukua filamu ya Kizungu au ya Kihindi wakaigeuza kuwa Kiswahili cha mtaani. Kibandani kuna sheria moja ambayo hata mtoto wa darasa la pili anaijua: stelingi hafi. Risasi zitanyesha kama mvua ya Aprili, stelingi atachomoka na jasho kidogo tu usoni. Haya. Sasa lipo swali ambalo kibandani haliulizwi. Wale wanaoanguka dakika tano za kwanza ni akina nani? Wana majina? Kuna mama aliyewangoja jioni wasitokee?

Shika swali hilo, msikilizaji, litarudi.

Chukua filamu ya The African Queen ya mwaka 1951, aliyoiongoza John Huston, iliyompa Humphrey Bogart tuzo ya Oscar. Sehemu kubwa ya picha zake za nje zilipigwa Uganda na Kongo ya Wabelgiji, kwa hiyo mto ule ni wa huku kwetu na mbu wale ni wa huku kwetu. Hadithi inaanza mwaka 1914 katika Afrika Mashariki ya Wajerumani. Kuna kanisa la makuti, kuna kaka na dada Waingereza, kuna waumini wanaojikokota katika wimbo ambao ni wazi hawajauzoea. Wajerumani wanafika na askari wao. Nyumba zinachomwa, wanakijiji wanaswagwa kama ng'ombe wa mnada. Kaka anaugua na kufa. Dada, ambaye ni Katharine Hepburn, anapanda mashua ya Bogart, na kuanzia hapo ni mto, ugomvi na mapenzi.

Na wanakijiji je? Walipelekwa wapi? Filamu inaendelea kwa takriban saa moja na nusu baada ya hapo, na haigeuki nyuma hata mara moja kuwatazama.

Wale walioswagwa ndio vita vyenyewe. Afrika Mashariki ya mwaka 1914 ilikuwa na reli chache na barabara za kuhesabu, na mbung'o aliua punda na ng'ombe wa kukokota mikokoteni. Kila sanduku la risasi, kila gunia la unga, kila machela yenye majeruhi ilikwenda juu ya kichwa au bega la mtu. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja kabla vita havijaisha mwaka 1918. Hesabu rasmi ya waliokufa inakaribia laki moja, na wengi wao waliuawa na kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zimepata majina yao hapo: ni Carrier Corps, jeshi la wabeba mizigo, lililotafunwa na ulimi wa Kiswahili mpaka likawa jina la soko.

Hata hadithi ya filamu hiyo, mashua ya Bogart dhidi ya meli ya Wajerumani, ina mizizi ya kweli. Meli yenyewe iliitwa Graf von Goetzen, ikaja kuitwa Liemba katika Ziwa Tanganyika. Waingereza, ili waweze kupambana na Wajerumani ziwani humo, walisafirisha mashua mbili ndogo za kivita, Mimi na Toutou, mwaka 1915, wakazivuta nchi kavu kupitia Kongo. Waliofyeka njia na kuweka magogo ya madaraja walikuwa vibarua Waafrika. Hilo lingetosha filamu nzima peke yake, mashua kupanda mlima! Lakini Hollywood ilitaka busu.

Sasa turudi nyumbani.

Mji wa Kisii wazee huuita Getembe. Wengine husema Bosongo, yaani kwa Wazungu, jina ambalo linaeleza lenyewe nani alijenga ofisi hapo. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa havijatimiza wiki sita kikosi cha Wajerumani, chini ya Kapteni Bock von Wülfingen, kilipokuja kutoka upande wa Mwanza na kuingia mjini. Hakikukuta upinzani, maana maofisa wa Kiingereza walikuwa wameshaondoka. Tarehe 12 Septemba 1914 askari wa King's African Rifles, KAR kwa kifupi, wakafika na kukishambulia. Mapigano yakawa makali. Kapteni Thorneycroft wa upande wa Waingereza akauawa. Waingereza wakapungukiwa risasi wakarudi nyuma. Wajerumani nao, maofisa wao wameumia vibaya, wakauacha mji wakaelekea mpakani.

Hivyo ndivyo vita vya Kisii vinavyosimuliwa katika vitabu vya majeshi: Thorneycroft huku, Bock von Wülfingen kule, Mwingereza na Mjerumani. Lakini tazama safu zao. Kikosi cha 4 cha KAR kilikuwa kwa asili yake kikosi cha Uganda. Askari wa Kijerumani walikuwa Waafrika kwa mamia, na Wazungu wachache wa kuwaamuru. Nyuma yao walikuwapo wapagazi. Mtu mweusi kutoka kaskazini mwa Ziwa Victoria alikuwa akimpiga risasi mtu mweusi kutoka kusini mwake, katikati ya mashamba ya wimbi ya watu wa tatu, ambao hawakuulizwa na yeyote kati yao. Nani alibeba risasi Getembe? Nani alimbeba Kapteni Thorneycroft alipoanguka? Majina ya makapteni tunayo.

Na hao watu wa tatu, wenye wimbi? Hapa ndipo penye utamu, na hapa ndipo filamu nyingi zingekosea njia.

Mji ulibaki hauna serikali. Waingereza wametoweka, Wajerumani wametoweka. Abagusii wakaingia. Walifungua maduka, wakaingia ofisini, wakafika kwenye misheni ya Kikatoliki ya Nyabururu na ile ya Waadventista ya Nyanchwa, ambazo hazikuwa na miaka mingi tangu zianzishwe. Walichukua walichoweza kubeba. Waingereza waliporudi, waliita jambo hilo uporaji, na adhabu yake ikaangukia jamii nzima: nyumba zikachomwa, mifugo ikachukuliwa. Baada ya hapo wakaja kuchukua na vijana pia, kwa kazi ya kubeba mizigo.

Je, neno uporaji linatosha? Inategemea kamera imesimama wapi. Ikisimama mlangoni mwa duka, itaona mtu akitoka na jora la nguo begani. Ikirudi nyuma miaka tisa, itaona mambo mengine kabisa. Mwaka 1905 jeshi la Waingereza lilikuwa tayari limeshapita Gusii na bunduki ya mtombo dhidi ya mikuki. Mwaka 1907 ofisi ikafunguliwa Getembe, na mkuu wa wilaya akawa Northcote, ambaye wenyeji walimwita Nyarigoti. Januari 1908 kijana wa Kitutu, Otenyo Nyamaterere, akamvizia njiani na kumchoma mkuki. Northcote akapona. Gusii haikupona: jeshi lilirudi, likachoma, likaua na kuswaga ng'ombe. Hata Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni kule London, alilalamika kwa maandishi kwamba watu wasio na kinga wanauawa kupita kiasi. Churchill huyo huyo! Otenyo aliuawa, na simulizi za Gusii zinashikilia kwamba kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Uingereza.

Basi mtu wa Kitutu aliyesimama mbele ya duka lililo wazi mwezi Septemba 1914 alikuwa na deni la kukumbuka. Ng'ombe wa baba yake walikwenda wapi mwaka 1908? Zaidi ya hapo, imani ya Mumbo ilikuwa imeanza kuenea kutoka upande wa Ziwa, ikisema Wazungu wataondoka. Na tazama, wameondoka! Kwa siku chache tu, lakini wameondoka. Aliyeamini Mumbo aliona unabii ukitimia mchana kweupe.

Hilo, msikilizaji, ndilo filamu inaweza kulifanya au kulivunja. Mtu yule yule, jora lile lile la nguo: filamu moja itamwita mwizi, nyingine itamwita mdai. Na mtazamaji atatoka kibandani akiwa na hakika kwamba ameona historia.

Wapo waliojaribu kuigeuza kamera. Mfano mzuri kuliko yote unamhusu Mswahili mmoja aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Aliitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Ujerumani walimjua kama Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani mwenye asili ya Sudan. Vita vilipoanza mtoto ana umri wa miaka kumi, akaingia jeshini pamoja na baba yake. Fikiria mtoto wako wa darasa la nne au la tano. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Hakupewa. Akafanya kazi ya uhudumu katika jumba la starehe, akawa msaidizi wa kufundisha Kiswahili chuo kikuu, akaoa Mjerumani, na ili apate riziki akawa anaigiza kwenye filamu.

Na aliigiza nini? Mwaka 1934 Wajerumani walitengeneza filamu iitwayo Die Reiter von Deutsch-Ostafrika, kuhusu vita vile vile vya Afrika Mashariki ambavyo yeye alivipigana akiwa mtoto. Mahjub akawekwa ndani yake kama kijana askari mtiifu, anayempenda bwana wake. Tafakari hapo kidogo. Mtu aliyekuwapo vitani, anayedai mshahara wa vita hivyo, analipwa aigize kwamba hakuwa na dai lolote. Filamu yake ya mwisho ilikuwa Carl Peters, ya mwaka 1941, iliyomsifu mtu ambaye Afrika Mashariki inamkumbuka kwa ukatili. Mwaka huo huo alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen, akafia humo Novemba 1944.

Miaka karibu 70 baadaye, mwaka 2013, mwongozaji Eva Knopf akatoa filamu yake, Majubs Reise, safari ya Mahjub. Alichofanya ni kitu chepesi cha ajabu: alizirudia filamu zile zile za zamani akimtafuta Mahjub pembeni, nyuma ya mastaa, ameshika sinia au amesimama mlangoni, kisha akatuacha tumtazame yeye. Picha ni ile ile. Aliyebadilika ni mtu anayetazamwa. Ukitaka kujua filamu inaweza kumfanyia nini mtu aliyesahauliwa, hiyo ndiyo ya kuanza nayo.

Burma tutaipita haraka. Mwaka 1945 Hollywood ilitoa Objective, Burma!, stelingi Errol Flynn, Wamarekani wakiwamaliza Wajapani msituni. Waingereza walikasirika, kwa sababu sehemu kubwa ya vita vya Burma ilipiganwa na jeshi lao. Filamu iliondolewa London baada ya muda mfupi, ikarudi mwaka 1952 ikiwa na maneno ya kuomba radhi. Haki yao kukasirika. Lakini jeshi lao hilo lilikuwa nani? Wahindi kwa wingi, Waafrika wa Magharibi, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoshuka bonde la Kabaw katika mvua za mwaka 1944 mpaka Kalewa, ng'ambo ya milima yenye matope hadi magotini. Vijana wa Gusii nao walivaa sare ya KAR katika vita vile. Aliyelalamika kusahauliwa alikuwa naye ana watu wake aliowasahau.

Kuna anayesema: hizo ni picha tu, zinamhusu nini mtu wa Nyamira anayechuma chai? Zinamhusu, maana mara nyingine filamu huingia mpaka kwenye mfuko wa mtu. Mwaka 2006 Rachid Bouchareb alitoa Indigènes, kuhusu wanajeshi wa Afrika Kaskazini walioikomboa Ufaransa katika Vita vya Pili. Kwa miaka mingi pensheni zao zilikuwa zimegandishwa, mzee wa Morocco akipata sehemu ndogo tu ya anachopata Mfaransa aliyekuwa naye kwenye handaki moja. Rais Jacques Chirac aliiona filamu hiyo, na mwaka huo huo serikali yake ikatangaza kuziongeza. Madai ya wazee yalikuwapo tangu zamani. Filamu iliyapa sura.

Mfano wa pili ni wa hapa hapa Kenya. Mwaka 2019 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilionyesha filamu ya hali halisi iitwayo The Unremembered, ikiwasilishwa na mbunge David Lammy na kujengwa juu ya utafiti wa Profesa Michèle Barrett. Lammy alifika Voi. Kuna makaburi ya vita pale, majani yamekatwa, mawe yamepangwa mstari, kila Mzungu na jina lake. Akauliza Waafrika wako wapi. Nje ya ua, porini, hakuna jiwe wala jina.

Hakikuwa kisa cha bahati mbaya. Baada ya Vita vya Kwanza, wakubwa wa tume ya Uingereza ya makaburi ya vita pamoja na magavana wa makoloni waliamua kwamba wapagazi na askari wengi Waafrika hawatahitaji kaburi lenye jina, sanamu ya jumla itawatosha. Sanamu hizo ndizo zile za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Ile ya Nairobi iko Kenyatta Avenue, tangu mwaka 1928. Ukienda Nairobi na basi la usiku, ukishuka asubuhi ukazunguka mjini, utawaona: watu wa shaba wamesimama, mmoja ni mbeba mizigo. Maandishi yapo kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Jina la mtu hata mmoja wa wale waliobeba, hakuna.

Filamu ile ilipoonyeshwa, tume hiyo iliunda kamati ya kuchunguza historia yake yenyewe. Aprili 2021 ripoti ikatoka, na tume ikaomba radhi. Ripoti ilikiri kwamba waliokufa wakihudumia dola ya Uingereza na hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa, ni watu 116,000 kwa uchache, na huenda wakafika 350,000. Kipindi hiki hakipendi kumwaga takwimu hewani, lakini hiyo moja irudiwe: 116,000 kwa uchache. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Na wa Gusii wamo humo.

Basi je, tuifurahie filamu kila inapokuja? Hapana, polepole. Filamu ina njaa zake. Inataka mtu mmoja, sura nzuri, adui mmoja, na saa mbili. Glory ya mwaka 1989 iliwafundisha Wamarekani wengi kwamba kulikuwa na kikosi cha watu weusi, cha 54 cha Massachusetts, kilichoshambulia ngome ya Wagner mwaka 1863. Jambo jema. Lakini iliwaonyesha wanajeshi hao kama watumwa waliotoroka kwa wingi wao, ilhali wengi walikuwa watu huru wa kaskazini. Ilimtoa mtu gizani ikamvika nguo isiyo yake.

Tuiweke hatari hiyo hapa nyumbani. Siku mtu atakapokuja kutengeneza filamu ya Gusii, na atakuja, atampenda Otenyo. Mkuki, kichaka, Mzungu juu ya nyumbu wake, nani asiyependa? Bango litajichora lenyewe. Lakini Moraa Ngiti atakuwa wapi? Huyu ndiye mama mtabiri wa Kitutu ambaye simulizi zinasema ndiye aliyemtia Otenyo moyo. Wengine humwita mama yake wa kumlea, wengine shangazi. Simulizi haziafikiani, na mwandishi wa filamu atachagua moja, na baada ya miaka ishirini hiyo moja ndiyo watoto wataandika kwenye mtihani. Nyingine zitakufa kimya kimya. Na je, Moraa atapewa maneno, au atapewa moshi, shanga na macho ya kutisha? Hapo ndipo pa kumpima mwongozaji. Mkuki ni sekunde mbili. Miezi ya nyumba kuungua baada yake ndiyo mwanamke aliyokaa akihesabu nani amerudi na nani hajarudi.

Halafu wapo wa Septemba 1914, wasio na Otenyo wao. Hakuna stelingi mle. Kuna umati, kuna duka lililo wazi, kuna askari wa Uganda aliyefia mbali na kwao, kuna mpagazi aliyeweka sanduku chini akakimbia. Vita vya aina hiyo vinahitaji mwongozaji mwenye subira kama ya Eva Knopf, anayeweza kumtazama aliyesimama pembeni. Shule zetu zina tamasha la drama kila mwaka, vijana wa Kisii na Nyamira wanapiga video za nyimbo na vichekesho kwa simu tu, wanazihariri usiku, asubuhi ziko intaneti. Vifaa vipo. Kinachopungua ni wa kuulizwa. Hakuna aliye hai aliyeona vita vile vya Getembe. Waliopo ni wajukuu wa walioona, na wajukuu wenyewe sasa wanatembea na mkongojo.

Kwa hiyo kuna ombi, msikilizaji, si kubwa. Nyumba nyingi za Gusii zina sokoro mmoja, yaani babu, anayetajwa nusu nusu: yule aliyekwenda kariakor, yule aliyekwenda Burma, yule ambaye ng'ombe wake walichukuliwa na Abasongo. Jumapili hii, baada ya chakula, muulize magokoro, nyanya yako, kabla hajasinzia. Washa simu, iweke mezani, mwache aseme kwa Ekegusii chake, usimkatize kwa tarehe. Uliza jina la mtu huyo, jina la baba yake, kijiji chake, alichukuliwa na chifu yupi, alipelekwa wapi. Akikwambia hakurudi, andika hakurudi. Majina yatakayofika studio kabla ya tarehe 12 Septemba yatasomwa hapa hapa hewani, moja moja, na kila jina na kijiji chake.